Kutazama Mlima Kuna Thawabu?

Katika Suratul Ghashiya zipo aya nne fupi zinazomwagiza mtu atazame: ngamia alivyoumbwa, mbingu ilivyonyanyuliwa, milima ilivyokitwa, ardhi ilivyotandikwa. Nilikuwa nazifafanua kwenye darsa letu la akina mama hapa Tanga, baada ya alasiri, mmoja wao akanyoosha mkono. Ni mama anayeuza vitumbua asubuhi. Akasema, "Mwalimu, kusali kuna thawabu, kufunga kuna thawabu, kumlisha mwenye njaa kuna thawabu. Na kutazama je?" Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Mbingu anaiona, alisema, na ardhi anaikanyaga; lakini milima anaiona kwa mbali tu, ile rangi ya buluu upande wa magharibi siku ambazo hewa imetakata baada ya mvua. Wanaopanda kwenda kuitazama kwa karibu ni wenye nauli na nafasi. Basi hao wanachuma kitu ambacho yeye hakipati?

Nikamwomba muda. Swali lake lina maswali mawili ndani, na yote ni mazito. La kwanza, kutazama kitu kizuri ni ibada, au ni starehe tu iliyovishwa kanzu? La pili, kama ni ibada, mbona inaonekana kama imewekewa kiingilio?

Imam Ghazali, katika Ihya, ametenga kitabu kizima, cha 39 kati ya 40, kwa ajili ya tafakuri. Humo anapita kwenye ardhi, milima, madini, wanyama na bahari, akimfundisha msomaji namna ya kuanzia kwenye kitu akafika kwa Aliyekiumba. Nimekisoma na kukisomesha. Lakini nimekisomesha nikiwa nimekaa mkekani, katika mji ulio usawa wa bahari, na nikaona yule mama anastahili jibu la mtu aliyekwenda akaona. Wanangu walikuwa wamechanga fedha nipumzike baada ya kustaafu ualimu. Nikawaomba zitumike hivi: gari moja, dereva, na mtu wa kunitembeza Usambara ya magharibi kutwa nzima, mimi peke yangu. Magoti yangu hayaruhusu kuandamana na vijana, na nilitaka kusimama ninapotaka, kunyamaza ninapotaka, na kuswali kila wakati unapoingia bila kumsubirisha mtu.

Kijana aliyenipokea Lushoto alikuwa Mshambaa, Mlutheri, wa rika la kitinda mimba wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Umeamkaje na baridi yetu?"

Nilikuwa nimejitanda mtandio juu ya sweta na bado natetemeka. Lushoto iko juu, kiasi cha mita 1,400, na Wajerumani walipajenga wakapaita Wilhelmstal kwa sababu ya baridi hiyo hiyo. Waliukimbia ukanda wetu wa joto na malaria. Kwa hiyo hata kabla ya gari kuwaka nilikuwa nimekaa mahali palipochaguliwa na mtu mwingine kwa raha yake, zaidi ya miaka mia iliyopita. Niliiweka fikra hiyo kando kwa muda.

Irente ndiko waongozaji humpeleka kila mgeni kwanza, na wana haki. Unatembea kidogo kwenye njia ya udongo mwekundu, halafu mlima unakatika. Hakuna mteremko wa kukuandaa. Chini kabisa yapo mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari, barabara kuu, reli, mabati ya Mazinde, na baada ya hapo nyika ya Wamaasai inakwenda mpaka jicho linapochoka. Upepo ulikuwa unapanda kutoka chini, ukaja usoni ukiwa na uvuguvugu wa bonde. Nikasema "Subhanallah" kwa sauti. Halikuwa neno nililolipanga. Lilitoka kabla sijafikiri, na katika jibu langu kwa yule mama jambo hili nimelipa nafasi kubwa: kuna kutazama ambako kunautangulia uamuzi wa mtu, na ulimi unamtaja Mola kabla akili haijauliza kama inafaa.

Kijana alininyamazia vya kutosha. Kisha akanyoosha kidole. "Pale mabati yanapong'aa, mama, ni Mazinde. Ndiko alikokaa Semboja."

Nilikuwa namfahamu Semboja kwa vitabu. Watu wa pwani tunayo Habari za Wakilindi, kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, kinachosimulia jinsi Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu, alivyowapa Washambaa nyama na wao wakampa utawala. Ukoo wake ukatawala kutoka Vuga. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862 ufalme ukagawanyika, na mwanawe Semboja akaona nguvu imehama kutoka kilele kwenda bondeni, kwenye njia ya misafara, ambako bunduki na nguo zilipita. Akakaa Mazinde. Katika vita vilivyofuata watu wa milimani walikamatwa wakauzwa pwani, Pangani na kwetu. Mahali pale pale macho yangu yalipokuwa yanaogelea kwa raha ndipo wazee wa watu hawa waliposhushwa kwa kamba, na walionunua walikuwa watu wa upande wangu, waliozijua aya zile nne kwa moyo.

Subhanallah yangu haikufutika. Ilipata uzito ambao haikuwa nao.

Hapo nikakumbuka safari mbili za milima zilizoandikwa na wasomi wa Ulaya, ambazo nimekuwa nikizirudia kwa miaka kwa sababu naona zimeacha kitu njiani. Mwaka 1336 mshairi Francesco Petrarca alipanda mlima Ventoux, kusini mwa Ufaransa, pamoja na ndugu yake Gherardo. Katika barua yake juu ya safari hiyo anasema hakuwa na haja nyingine ila kuona huko juu kukoje. Alipofika kileleni akatazama Alpi kwa mbali, kisha akafungua Maungamo ya Mtakatifu Augustino, kitabu alichotembea nacho. Macho yakamwangukia mahali Augustino anapowalaumu watu wanaokwenda kuistaajabia milima, mawimbi na mito huku nafsi zao wamezisahau. Petrarca akaona haya. Akashuka bila kusema neno mpaka chini. Barua hiyo imesifiwa sana, na lawama ya Augustino ni ya kweli. Hata sisi tunao watu wanaokwenda Umra wakarudi na picha tu.

Lakini aliyenikaa moyoni katika barua ile si Petrarca. Ni mzee mmoja mchunga mifugo waliyemkuta bondeni, kabla hawajaanza kupanda. Mzee aliwasihi wasiende. Aliwaambia yeye alipanda kiasi cha miaka hamsini nyuma, akiwa kijana mwenye moto kama wao, na alichopata ni uchovu, majuto na nguo zilizochanwa na miiba. Walipokataa kusikia, akawaonyesha njia na kuwaacha. Baada ya hapo barua inaendelea mbele bila yeye. Petrarca anakwenda kutafuta mafundisho juu ya nafsi kileleni, na mtu aliyekwisha kupanda, akateremka, akakaa na mlima ule maisha yake yote, amebaki chini bila kuulizwa hata swali moja.

Wa pili ni Immanuel Kant. Katika kitabu chake cha mwaka 1790 kinachochunguza jinsi tunavyouhukumu uzuri, anasema anayetamka kwamba kitu ni kizuri lazima awe ameweka haja yake kando. Asiwe anakitaka kwa kula, kumiliki au kutumia. Akifika kwenye milima ya barafu anamtaja mkulima mmoja wa Savoie, mtu mwema na mwenye akili zake, ambaye kwa simulizi ya mtaalamu Saussure aliwaita wapenzi wote wa milima ile wapumbavu. Kant anamtetea kidogo, kisha anampita. Kwake, mkulima ni mfano wa mtu ambaye malezi hayajamwandaa kuona utukufu mahali penye hatari.

Kant mwenyewe aliishi karibu umri wake wote Königsberg na mazingira yake, nchi tambarare, na milima aliisoma. Simlaumu kwa hilo. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Ninachomlaumu ni kusahau miguu ya nani ilimfikisha Saussure kileleni. Watu wa kwanza kufika kilele cha Mont Blanc, mwaka 1786, walikuwa Jacques Balmat, mwanakijiji wa Chamonix, pamoja na daktari wa hapo hapo, Michel Paccard. Saussure alikuwa ameahidi zawadi kwa atakayeipata njia. Mwaka uliofuata Balmat na wenzake wengi wakampandisha Saussure. Kwa hiyo elimu ya Ulaya juu ya fahari ya milima ilipanda kwa mabega ya watu wa Savoie, na Msavoie anapotokea kwenye falsafa yenyewe anatokea kama mtu asiyeona.

Mchungaji wa mifugo na mkulima. Kila mara mwenyeji ana la kusema, na msomaji wa milima anampita kwenda zake.

Msitu wa Magamba tuliupita kwa utulivu, gari likienda polepole. Ni msitu wa hifadhi wenye miti mirefu ya mikulo, giza la kijani na harufu ya majani yaliyooza, na kijana alijua kumtafuta kinyonga mwenye pembe pale ambapo mimi niliona tawi tu. Hapo nikatambua jambo lililokuwa likinisumbua tangu asubuhi. Kila aliponionyesha kitu, alinitazama usoni. Alikuwa anapima kama nimefurahi. Nikitabasamu tunakaa, nisipotabasamu tunaondoka. Hicho ndicho nilichokuwa nimekilipia bila kujua: mtu mzima, mwenye akili na kumbukumbu, kutwa nzima macho yake hayapo mlimani, yapo kwangu. Ukiwa kundini mzigo huo unagawanyika. Ukiwa peke yako unaubebesha mtu mmoja.

Nikamwambia, "Mwanangu, hapa ulipofika umeshanionyesha wanavyovipenda wageni. Sasa nipeleke unakotazama wewe."

Alicheka kidogo, akadhani namtania. Nikarudia. Akafikiri, akasema na dereva Kishambaa, na badala ya kuendelea na ratiba tukashika njia ya kuelekea Lukozi, tukapita malori yaliyokuwa yanapakia kabichi na viazi vya kwenda Dar es Salaam, na baada ya hapo tukaingia kijia ambacho gari lilikiacha mwanzoni kabisa. Tulitembea. Magoti yalilia, lakini yalifika.

Lilikuwa shamba la ngazi, la shangazi yake. Nitalieleza vizuri kwa sababu safari yangu yote iko hapo. Mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba mtu aliyesimama ngazi ya juu anaona utosi wa aliye chini yake. Kila ngazi ni kipande chembamba cha ardhi kilichosawazishwa kwa jembe la mkono, na ukingoni mwake pamepandwa majani ya Guatemala, mapana, marefu, yakiwa yamesongamana. Niliinama nikayagusa kwenye shina. Mizizi ilikuwa imeshuka ndani ya ukuta wa udongo na kuushika wote. Ungeng'oa jani ungeondoka na ukuta. Nyuma ya majani kuna mfereji wa upana wa kiganja, wenye maji kidogo, ukitembea kwa kuinama kusikoonekana mpaka kwenye jiwe lililowekwa makusudi ili kuupunguza mwendo. Udongo wa ngazi ulikuwa mweusi kwa samadi. Kabichi, maharage, na pembeni mgomba mmoja. Majani yale yale ya ukingoni hukatwa na kupelekewa ng'ombe zizini, maana huku ng'ombe hawatolewi kwenda malishoni, malisho ndiyo huwafuata, na samadi inarudi shambani. Nilitazama mzunguko huo mpaka nikaona aibu kwamba nimewahi kufundisha tafakuri bila kuujua.

Shangazi alitoka ngazi ya chini akiwa na jembe. Tulisalimiana kirefu, tukaulizana watoto, tukaulizana mvua. Kijana akamweleza nimekuja kutazama. Nikamuuliza, "Dada, ukisimama hapa, wewe unaona nini?"

"Naona kazi ya kesho."

"Na pazuri? Pazuri ni wapi?"

Hakulishangaa swali. Aligeuka, akanyoosha mpini wa jembe kuelekea ngazi moja iliyokuwa chini yetu, ambayo machoni pangu haikuwa na tofauti yoyote na nyingine. "Pale. Mvua ya mwaka jana haikubeba kitu pale. Pananipendeza."

Yule mkulima wa Savoie angekuwa amepata mtu wa kumuuliza, nadhani angejibu jambo la namna hii. Ana hukumu ya uzuri, ameitamka bila kusita, na ameitamka akiwa na haja, tena haja kubwa: chakula chake kipo mle. Haja haikumziba macho. Ndiyo iliyomwezesha kuona tofauti ambayo mimi, nisiye na haja, sikuiona.

Mahali hapo pana kisa cha kutazama vibaya pia, na kijana alinisimulia tukiwa tumekaa ukingoni. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha mpango Mlalo wa kuokoa udongo. Waliitazama milima wakaona inamomonyoka, na katika hilo hawakukosea. Wakaamuru matuta. Aliyekataa alitozwa faini. Kazi ilikuwa nzito, iliwaangukia wanawake zaidi, na hakuna aliyewauliza wenye mashamba nani atabeba mzigo huo na ardhi ya kuazima itakuwa ya nani baada ya kutengenezwa. Upinzani ulikuwa mkubwa mpaka mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Halafu kuanzia miaka ya 1980 mradi mwingine, wa Serikali yetu na Wajerumani, ukaja na majani haya haya ya Guatemala, miti na ng'ombe wa zizini, na wengi wakavikubali kwa hiari, kwa sababu mkulima alipata malisho na maziwa kutoka kwenye ukingo ule ule unaozuia udongo. Bibi mzaa mama wa kijana huyu alikimbia faini za Waingereza. Shangazi anazitunza ngazi kwa mapenzi yake. Mteremko ni huo huo. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekaa na Washambaa miaka ya 1960, ameandika kwamba kipimo chao cha utawala kilikuwa kimoja: mtawala ama anaiponya nchi, ama anaiharibu. Kwa kipimo hicho Semboja na wenzake waliiharibu kwa vita, na Mwingereza akashindwa kuiponya ingawa ugonjwa aliuona.

Nilirudi kwenye Qur'ani nikiwa nimekaa pale pale, na nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele yangu miaka yote. Suratun Nahl inapotaja wanyama wa kufugwa inataja kwanza joto wanalotupa, manufaa na chakula. Baada ya hapo inasema kuna uzuri ndani yao kwa ajili yetu, jioni wanaporudi na asubuhi wanapotoka. Na mara inaendelea na mizigo wanayotubebea mpaka miji ambayo tusingeifika ila kwa taabu. Uzuri umewekwa katikati ya chakula na mzigo. Haukutolewa pembeni ukasimamishwa peke yake. Na Suratun Naziat, inapotaja milima ilivyothibitishwa, imeshataja maji na malisho kabla yake, na mara baada yake inasema hayo yote ni kwa manufaa yetu na ya mifugo yetu. Maandiko yetu hayamdai mtazamaji aache haja yake mlangoni. Yanamdai aijue haja yake, aitaje, na amjue aliyemtimizia.

Hapa nadhani Kant alikosea, na Augustino alikuwa sahihi kwa nusu. Augustino aliogopa mtu asije akapotelea kwenye mlima akaisahau nafsi yake. Sawa. Lakini Petrarca aliposoma maneno yale aliuacha mlima akaingia ndani mwake, kama kwamba vitu hivi viwili vinagombea macho yake. Kuna mlango wa tatu ambao hakuujaribu: kushuka mpaka kwa yule mzee, akakaa naye, akamuuliza mifugo inakunywa wapi. Hapo angeupata mlima na nafsi yake kwa pamoja, kwa sababu angejua anadaiwa nini na nani.

Kijana alipoona nimenyamaza sana akasema, "Sisi kanisani tuna Zaburi ya mtu anayeinua macho kwenye milima akauliza msaada wake utatoka wapi."

"Na anajibiwaje?"

"Kwamba unatoka kwa aliyeiumba."

"Na kwetu ni hivyo hivyo," nilimwambia. "Lakini unapitia wapi kuja?"

Alitazama mfereji. Hatukuhitaji kuendelea.

Jibu la yule mama wa vitumbua nililipata hapo. Maji ya Tanga mjini yanatoka mto Zigi, unaoanzia Usambara ya mashariki na kuzuiwa kwenye bwawa la Mabayani kabla ya kuletwa kwetu. Ule mlima wa buluu anaouona kwa mbali ndio anaokorogea unga wake alfajiri. Hana kiingilio cha kulipa. Akifungua bomba akakumbuka maji yametoka wapi na yamepita mikononi mwa nani, ametazama milima ilivyokitwa zaidi ya mgeni aliyesimama Irente akapiga picha akaondoka. Nilipomwambia hivyo, aliniuliza kama watu wa huko juu wanajua kwamba wanamtunzia maji. Nikasema wanajua. Akauliza kama wanalipwa. Hilo sikuweza kulijibu vizuri, na sitaki kulipunguza kwa maneno matamu, kwa sababu mkulima anayeacha mti usimame ili sisi tunywe anabeba gharama ambayo bili yangu ya maji haiitaji.

Sisemi kwamba safari yangu ilikuwa ya bure. Kuna wanaodhani mwenye imani hana haja ya kwenda popote, Mungu yupo kila mahali. Ni kweli yupo. Lakini macho ya mtu hayapo kila mahali, na dua yetu ya kila rakaa ni kuomba kuongozwa, maana yake tumekiri kwamba wenyewe hatuoni njia. Kama nimekiri hivyo mbele ya Mola mara kadhaa kila siku, sioni kwa nini nijione mdogo kukiri mbele ya kijana wa miaka thelathini kwamba kinyonga sikumwona. Kuongozwa na mtu ni zoezi la kuongozwa na Mungu. Ila zoezi hilo linaharibika pale anayeongozwa anapokuwa ndiye anayeamua kipi kionyeshwe, kwa sababu tu ndiye mwenye pochi. Kwa hiyo nawashauri wenye uwezo wa kukodi mtu na gari: ombeni sehemu ya siku iwe ya mwenyeji, na mlipie saa hizo kama saa nyingine, hata kama hazina picha.

Suratul Ahzab inasema amana ilitolewa kwa mbingu, ardhi na milima, vikakataa kuibeba, vikaogopa, mwanadamu akaibeba. Nimeisomesha aya hiyo mara nyingi nikisisitiza udhalimu na ujinga wa mwanadamu unaotajwa mwishoni mwake. Siku ile niliifikiria kwa upande mwingine. Mlima ulikataa. Aliyesimama mbele yake akishangaa ukubwa wake ndiye aliyekubali mzigo ambao mlima uliukwepa. Kwa hiyo kutazama kwake hakuwezi kuishia kwenye kushangaa. Anatazama kitu alichokabidhiwa.

Tukiwa tunarudi, kijana alimwambia dereva asimame kwenye kona moja. "Hapa wageni hupiga picha sana," akasema. Ng'ambo ya bonde palikuwa na safu ya mikaratusi, mirefu, iliyonyooka, mashina yake meupe, ukungu umeanza kuikalia. Nilikiri kwamba ni pazuri. Akaniambia chini ya miti ile kulikuwa na chemchemi ambayo shangazi yake aliichota akiwa msichana, na tangu mikaratusi ikue maji yamepungua mpaka kiangazi wanakwenda kuyachota mbali zaidi. Kijijini wanabishana. Mwenye miti anategemea mbao. Akina mama wanataka ikatwe na badala yake ipandwe miti ya asili. Na wale wa biashara ya wageni, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao, wanasema kona hii inaleta watu.

"Ungekuwa wewe, mama?"

Nilitazama tena. Ukungu ulikuwa umefika nusu ya mashina na mandhari ilikuwa imezidi kupendeza. Nikamwambia ikatwe, mwenye miti alipwe thamani ya mbao zake ili asiwe yeye peke yake aliyeibeba hasara, na akina mama wachague cha kupandwa. Akasema hivyo ndivyo anavyoona na yeye, ila hajapata kulisema kwenye mkutano wa kijiji. Nikamuuliza mkutano ni lini.